Filamu ya Mgongo Wangu

Novemba 14

Tumefika Tebursuk na mvua. Shamba ni la mjomba wake Feriel, mizeituni mitupu mpaka mlimani, nyumba moja kubwa inayovuja na banda la wavunaji. Mimi na Skander tumewekwa chumba kimoja. Kachagua kitanda cha mbali na dirisha kabla sijatua begi.

Feriel ndiye mwongozaji. Ndiye aliyenitoa kwenye mkahawa wa Tunis nilikokuwa naosha vikombe. Alikuwa anakuja, anakaa na kahawa yake, ananitazama kwa nyuma, mpaka bosi akadhani ni mtu wa kodi. Siku moja akaniambia, "Hiyo shingo yako nimeitafuta miaka miwili." Nikamwambia dada, shingo haiuzwi. Akacheka mpaka akamwaga kahawa. Yeye ni mwenzetu, anaishi na mwanamke mwenzake na hajifichi sana, ana mdomo wa kujitetea.

Filamu ni ya wanaume wawili wanaopendana shambani. Mmoja mtoto wa mwenye shamba, huyo ni Skander. Mwingine kibarua, huyo mimi.

Nilimpa Feriel sharti moja tu. Uso wangu usionekane. Mgongo sawa, mikono sawa, kisogo sawa, uso hapana. Kaka yangu Ridha anajua nilivyo. Tulishapatana zamani: nyumbani nitakwenda, nitakula na mama, nitalala, lakini siku habari ikimfikia mama, nisirudi tena hata kumzika. Baba hayupo. Ninaye mama tu. Feriel akanipa mkono. Akasema, "Sawa, Lamjed. Nitatengeneza filamu nzima kwa mgongo wako. Watazamaji watakufa na hamu."

Novemba 15

Mvua. Hatukufanya kitu. Kumbe kazi ya filamu ni kusubiri.

Novemba 17

Tuna skripti mbili. Moja ndiyo iliyopelekwa kuombea kibali, ni ya ndugu wawili wanaogombea mizeituni ya marehemu baba yao. Polisi wa mjini wanayo hiyo, na wavunaji wameambiwa hiyo. Nyingine ni yetu, tunaifanyia ghalani mlango umefungwa.

Mzee Tijani, msimamizi wa wavunaji, ameishika sana ile ya urithi. Leo kamfuata Feriel na tope lake la miguuni.

"Binti, kwenye hadithi yenu kisima anachukua nani?"

"Kaka mkubwa, mzee."

"Dhuluma hiyo. Kisima hakigawanywi. Sheria iko wazi."

"Ndiyo filamu, mzee. Bila dhuluma watu watalala."

"Basi mumwue mwisho."

Feriel akamwambia atafikiria. Mzee Tijani akaondoka ameridhika.

Novemba 19

Tumeanza. Kamera iko nyuma yangu, karibu, nasikia mpiga picha anavyopumua. Feriel hasemi "lia" wala "cheka". Anasema, "Bega la kushoto limesikia kitu." Halafu ananyamaza. Unabaki wewe na bega lako.

Skander ndiye anayeigiza yule daktari wa mfululizo wa Ramadhani kwenye runinga. Wasichana wa kuvuna wanamwona wanadondosha ndoo. Kila mchana wakati wa chakula wanapanga foleni kupiga naye picha, na yeye anatabasamu kila moja kama ndiyo ya kwanza. Ana mke na watoto.

Leo tumebusiana ghalani kwa mara ya kwanza. Feriel kasema "kata", Skander kajifuta mdomo kwa mkono, kaniambia kwa sauti ya wote kusikia:

"Mimi nikimbusu mwanamume, huko nje watanipa tuzo. Wewe ukimbusu, hapa watakupa kifungo. Maisha, kaka."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Feriel hakucheka, na hapo nikampenda zaidi.

Novemba 24

Feriel anataka nivune tangu alfajiri kabla hatujapiga picha. Anasema mgongo uliochoka hauigizi. Basi navaa pembe za mbuzi vidoleni kama wengine, nachana matawi, zeituni zinadondoka kwenye wavu, akina mama wako chini wanaokota na kunisema.

"Huyu mwigizaji gani anavuna?"

"Mwigizaji masikini."

"Mwenzake yule daktari yuko anakunywa kahawa."

"Ndiyo tofauti ya kaka mkubwa na mdogo. Si umesikia habari ya kisima?"

Novemba 25

Vidole vimevimba. Feriel kafurahi, kavipiga picha.

Desemba 1

Baridi. Ilikuwa sini, yaani kipande cha filamu, ya kibarua kusimama mvuani akisubiri. Mvua ya Mungu haikutosha, wakaongeza ya mpira. Nimesimama mpaka meno yanagongana. Kila tukimaliza, Feriel anasema tena. Mara ya mwisho kaja mbele yangu, kanishika kidevu.

"Leo mgongo wako unasoma gazeti. Unasubiri mpenzi au unasubiri basi?"

"Nasikia baridi, dada."

"Najua. Hilo hata kuku analijua. Nipe kingine."

Nikampa. Sijui nilichompa. Baadaye kanifunika koti lake mwenyewe na kunisugua masikio kama mtoto. Huyu mwanamke anaweza kukuchuna ngozi kisha akakuuliza kama unaumwa.

Desemba 6

Tulikuwa tunasubiri jua litoke. Mimi na Skander chini ya turubai, mkate na harisa ya pilipili kati yetu. Kanifundisha jambo. Ukimtazama mtu kwenye filamu, usitazame macho mawili, utaonekana unahangaika. Chagua jicho moja ubaki hapo.

Nikamwambia, mimi nafundishwa kutazama ya nini, na uso wangu haumo.

"Shingo inajua jicho linatazama wapi," akasema.

Tukafanya zoezi. Nilichagua la kulia. Lina doa dogo la kahawia pembeni.

Halafu akaniuliza kwa nini nimekataa uso. Nikamweleza, habari ya Ridha na ya mama yangu. Hakutania. Akasema, "Mimi mama yangu huniona kwenye runinga tu, na bado hulalamika nimekonda."

Desemba 9

Skander kanimenyea chungwa bila kuulizwa.

Desemba 13

Skander haongei na mimi. Nimemsalimia asubuhi, kageukia ukutani. Chakula kaenda kula na mpiga picha. Nikajiuliza nimemkosea nini, mpaka mgongo ukauma kwa kujiuliza. Jioni tulipiga sini ambayo mtoto wa tajiri anamkwepa kibarua. Feriel kasema ni nzuri sana, mara moja tu, hakurudia.

Nilipokuwa nabadilisha shati nyuma ya gari nikamsikia Skander: "Basi nimwambie sasa? Kijana anaumia." Feriel akajibu, "Ngoja kesho. Kesho nina sini nyingine ya hivyohivyo."

Kumbe Feriel ndiye aliyemwamuru anikwepe.

Nilirudi nikakaa mahali pangu. 

Desemba 14

Leo kanikwepa tena, na niliumia vilevile. Kujua hakukusaidia.

Desemba 15

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda changu. Skander kasogeza chake tukalala upande mmoja wa chumba. Sasa anaongea.

Desemba 18

Ridha kapiga simu. Hapigi simu, hutuma ujumbe tu, kwa hiyo nilikaa chini kwanza.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani? Shemeji yako kaonyeshwa picha kwenye simu. Msichana mmoja wa Tebursuk kapiga picha na yule daktari wa runinga. Nyuma yao kuna mtu anakula mkate. Ni wewe."

Mwezi mzima watu wazima wanazungushia kamera uso wangu. Wananifunika kofia, wanageuza taa, wananipigia kelele nikigeuka kidogo. Na kila mchana wale wasichana wanapiga picha na Skander, mimi niko nyuma natafuna. Hakuna aliyefikiria. Hata mimi, ninayejiona natazama kila kitu.

"Ni filamu ya nini?" Ridha kauliza.

"Ndugu wawili wanagombea urithi."

Kabla hajajibu nikasikia sauti ya mama inamnyang'anya simu.

"Lamjed! Mwanangu! Uko na daktari? Na hukusema? Mimi nawaambia watu unaosha vikombe! Fatuma wa jirani kaja mwenyewe hapa, yule mwenye kiburi, kaniomba nimsalimie mwanangu mwigizaji. Mimi! Ridha atanileta Ijumaa. Nisikilize, daktari anakula kuskusi ya nyama kavu au ana tumbo la watu wa mjini?"

Nikamwambia anakula.

Desemba 19

Nilimwambia Feriel. Nilidhani atakasirika. Kajikuna paji la uso kwa kalamu, kisha kasema:

"Waje. Tutawapigia sini ya urithi. Si tunayo? Imeandikwa, ina muhuri."

"Na uso wangu?"

"Ndugu hawagombani kwa migongo, Lamjed. Siku hiyo uso ruhusa. Ni ya mama tu."

Mzee Tijani kasikia kwamba hatimaye tunapiga sini ya kisima. Kaenda kunyoa.

Desemba 23

Naandika hii mchana, wamekwisha kuondoka.

Walifika na ile Isuzu ya Ridha. Mama mbele, kavaa shuka lake jekundu la harusi alilokuwa anaogopa hata kulifua, sufuria la kuskusi mapajani. Kashuka kwa shida, goti lile, kanishika uso kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Halafu kamwona Skander.

"Daktari!"

"Mama, karibu."

"Goti langu hili, daktari. Likija baridi linanigomea."

Watu wakaanza kucheka. Skander hakucheka. Kapiga magoti kwenye tope, kalishika goti la mama, kalibonyeza huku na huku, kauliza linauma hapa au hapa. Akasema, "Hili linataka mafuta ya zeituni ya moto na lisitumwe kisimani." Mama akanigeukia. "Unaona? Wale wa hospitali hawajawahi hata kuligusa."

Ridha alisimama kando ya gari, mikono mfukoni. Alikuwa ananitazama mimi, hamtazami daktari.

Feriel akambusu mama mashavu yote, na zile alama za kijani alizochanjwa kidevuni tangu usichana pia. Akamletea kiti. Akasema, "Leo, mama, utaona mwanao anavyofanya kazi." Kamera ikawekwa mbele yangu. Mbele. Mpiga picha alikuwa hajawahi kuniona kwa upande huo, akasema, "Kumbe una pua." Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka. Niliiona. Nikafikiri, lazima iwake, Ridha si mjinga, kamera isiyowaka ataijua.

Sini ni fupi. Kaka mkubwa anasema, "Chukua upande wa kisima. Mimi naondoka." Mdogo anasema, "Ukiondoka, nani atavuna na mimi?" Basi. Mzee Tijani ndiye aliyelazimisha kisima kiende kwa mdogo.

Mara ya kwanza nilisema nikitazama viatu. Nimezoea kuficha uso kiasi kwamba ulikwenda wenyewe chini. Kabla Feriel hajasema kitu, mama kapaza sauti:

"Inua uso, mwanangu! Wakuone!"

Wavunaji wote wakadakia. "Inua uso! Mama kasema!" Wanapiga makofi. Feriel hakuwanyamazisha.

Mama akainuka kitini, kaja akasimama chini ya mzeituni nyuma yangu, ameshika tawi. Msaidizi akataka kumtoa. Feriel akasema polepole, "Mwacheni. Yuko vizuri hapo."

Mara ya pili Skander kaniangalia kabla ya kuanza. Hakuwa kaka mkubwa. Akasema naondoka, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba asiondoke. Na kweli anaondoka, kazi yake inaisha wiki hii, anarudi kwa mkewe na watoto wake. Mimi nikachagua jicho la kulia. Nikasahau Ridha. Nikasahau na mama nyuma yangu. Nikasema, "Ukiondoka, nani atavuna na mimi?" Sikuigiza. Sijui kuigiza kwa uso, sikufundishwa.

Feriel hakusema kata. Aliacha kamera iendelee, halafu akasema, "Asanteni." Akina mama wa kuokota walikuwa wanajifuta macho kwa mitandio. Mzee Tijani kasema, "Sasa hiyo ni haki." Mama alipiga kigelegele kimoja, kikali, kama kwenye harusi.

Alikula na sisi. Alimlisha Skander nyama kwa mkono wake. Alipiga picha na wasichana wote, sasa foleni ilikuwa ya kwake.

Wakati wa kuondoka nilimsaidia Ridha kupakia dumu la mafuta nyuma ya gari. Kasema bila kunitazama:

"Yule ni kaka yako kwenye hadithi?"

"Ndiyo."

"Mimi ni kaka yako kweli. Mbona mimi hujawahi kunitazama hivyo?"

Nikashika dumu. Nikalisukuma ndani.

"Mama kafurahi leo," kasema. "Furaha yake iishie hapa. Hiyo filamu asiione. Mtu asimwonyeshe. Umenisikia?"

"Uso wangu haumo, Ridha."

"Leo ulikuwemo."

Desemba 24

Feriel kaniita chumbani kwake. Skander alikuwemo, kakaa dirishani anatazama kucha zake. Kompyuta iko mezani.

"Kaa," Feriel kasema. "Tazama. Nimezima sauti."

Nikaiona sura yangu. Sijawahi kujiona nikimtazama mtu. Ni kitu cha aibu, kama kujikuta uchi barabarani. Na bila sauti hakuna kisima, hakuna urithi, hakuna ndugu. Kuna mwanamume anayemwambia mwanamume mwenzake usiende. Na nyuma ya bega langu, chini ya mzeituni, mama yangu na shuka lake jekundu anatabasamu.

"Hii ndiyo filamu," Feriel kasema. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Kila kitu tulichopiga ni njia ya kufika hapa. Nitaandika maneno mengine yanayokaa kwenye midomo yenu hivyohivyo, mtaingiza sauti Tunis."

"Ulisema ni ya mama tu."

"Nilisema uso ruhusa. Nani alikugeuza kwa nguvu? Umeinua mwenyewe."

"Mama ndiye aliyesema niinue."

"Basi mshukuru."

Nikamwambia dada, tulipeana mkono. Akainuka, akawa anazunguka kile chumba.

"Unajua nimetengeneza migongo mingapi? Migongo, vivuli, mikono, mapazia. Miaka kumi na tano natengeneza filamu zetu na hakuna hata moja yenye uso. Filamu ya mgongo ni filamu ya aibu, Lamjed. Kuna kijana huko Gafsa, huko Kef, anadhani yuko peke yake duniani. Huyo nimwonyeshe kisogo?"

"Huyo kijana ana mama?"

"Wote wana mama!"

"Mwonyeshe wako basi. Uso wako na mama yako."

Hapo kasimama. Nilidhani atanipiga. Akasema polepole, "Wangu alikwisha kuniona. Ndiyo maana sina." Na nikamhurumia, nikajichukia kwa kumhurumia, maana nilimwona anavyoniangalia kuona kama nimemhurumia.

Nikamgeukia Skander. "Mwambie."

Skander akatazama nje. "Ni picha nzuri, Lamjed," akasema. "Sijawahi kupata picha nzuri hivyo maishani mwangu."

Desemba 25

Mvua. Sijaamka.

Desemba 28

Tumemaliza. Waliupiga picha mgongo wangu siku nzima ukitembea kwenye mashina, ukienda mbali. Nilitembea tu. Feriel kasema sijawahi kufanya vizuri hivyo. Skander kaaga kila mtu, kanikumbatia kama wanavyokumbatiana wachezaji wa mpira, na kunipigapiga mgongo.

Mzee Tijani kaniuliza kama mwisho kaka mkubwa amekufa. Nikamwambia bado tunaangalia.

Januari 5

Nimerudi mkahawani. Bosi kanipa aproni ileile.

Januari 17

Leo nimekwenda kuingiza sauti. Ni chumba kimefunikwa zulia mpaka kuta, maiki moja, kioo, na nyuma ya kioo Feriel. Mbele yangu ukutani niko mimi.

Nilikuwa nimejiapiza nisiende. Feriel kapiga simu mkahawani, kasema kwa upole kabisa: usipokuja nitamlipa mtu mwingine, kuna vijana wenye sauti kama yako. Uso utabaki wako na sauti itakuwa ya mtu mwingine. Nikavua aproni.

Fundi wa sauti kaniambia Skander alikwisha kuja kufanya yake. Kaniambia pia, kama umbea, kwamba Skander ameomba busu la ghalani lifupishwe. Wenye mfululizo wa Ramadhani hawatapenda. Feriel kakubali. Busu sasa ni kisogo changu na mkono wake, unaweza kusema anapangusa vumbi.

"Yeye umemkatia," nikamwambia Feriel kwenye maiki.

"Yeye ana mkataba," sauti yake ikatoka kwenye spika juu ya kichwa changu. "Na bila jina lake hatuuzi hata tiketi moja."

Wakanionyesha sini. Mara ya kwanza nilitazama uso wangu. Mara ya pili nilimtazama mama. Kwenye ukuta mkubwa namna ile unaona kila kitu. Mama hatabasamu tu. Pale ninaposema, anatikisa kichwa taratibu, ndiyo, ndiyo, anakubaliana na mwanawe. Na maneno mapya aliyoandika Feriel ni haya: "Ukiondoka, nani atalala na mimi?"

Mama anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Nikavua vile visikilizio vya masikioni. "Mama yangu atoke."

"Lamjed, yeye ndiye picha yenyewe. Mama anayebariki na hajui anachobariki. Watu watainuka vitini."

"Atoke. Ukimtoa nitakusemea hilo neno. Nitalisema vizuri. Usipomtoa, tafuta huyo kijana mwenye sauti kama yangu, usikie kama anaweza."

Nyuma ya kioo walikuwa wanaongea, naona midomo inacheza, sisikii. Halafu sauti juu ya kichwa:

"Njia ya kumtoa ni kuvuta picha karibu. Unaelewa maana yake?"

Akanionyesha. Picha ikavutwa, polepole, mama akasogea pembeni, akabaki bega, likabaki shuka jekundu, halafu hakuna. Na uso wangu ukajaa ukuta wote, kutoka paji mpaka kidevu, kila kinyweleo.

"Hivi au vile," Feriel kasema. "Chagua."

Nikasema, "Hivi."

Kisha nikavaa vya masikioni nikamwambia ule uso, ukiondoka nani atalala na mimi. Mara moja. Fundi akageuka nyuma kumtazama Feriel. Feriel alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Hakusema turudie.

Nje alinikimbilia na koti bila kuvaa vizuri. Akasema filamu hii hapa nchini haitaonyeshwa, ni ya nje tu, niwe na amani. Nikamuuliza huko nje hakuna simu? Akasema, "Wewe sasa ni mwigizaji." Kwa moyo wote. Alikuwa ananipa kitu kikubwa kabisa alicho nacho.

Januari 22

Hakuna jipya. Vikombe.

Februari 2

Mama kapiga simu. Anapiga kila wiki sasa, tangu ile siku, na kila mara kuna wanawake nyuma yake wanasikiliza.

"Lamjed, filamu inatoka lini? Fatuma anauliza. Wote wanauliza. Mtoto wa Fatuma yuko Ufaransa, kasema ataitafuta huko aturushie kwenye simu ya mama yake, tuangalie hapa kwangu. Nitapika."

Nikamwambia mama, hizi filamu huwa hazipatikani hivyo.

"Kila kitu kinapatikana, kaniambia. Anataka jina tu. Inaitwaje?"

Nikasema bado haina jina.

"Nilisogea chini ya ule mti, uliniona? Ridha kaniambia nikae kwenye kiti. Nikasema mimi sikai, nataka nionekane na mwanangu picha moja. Sina picha na wewe mkubwa. Nimeonekana?"

Nilikuwa nimesimama jikoni kwa bosi, mkono mmoja ndani ya maji. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Nikisema ndiyo, atamtuma mtoto wa Fatuma, na huyo ataipata. Nikisema walimkata kwa bahati mbaya, ataitafuta vilevile, kuniona mimi. Ataitafuta kwa njia yoyote ile, isipokuwa mimi nimfanye asitake mwenyewe hata kuiona.

"Hapana, mama," nikasema. "Umekatwa."

"Nani kanikata? Yule binti? Alinibusu!"

"Si yeye. Mimi ndiye niliyemwambia akukate."

Labda alitoka nje na simu, sikusikia tena sauti za wale wanawake. Nilisikia upepo.

"Kwa sababu ya uso wangu?" kauliza. "Hizi alama? Watu wa mjini walisema kitu?"

Nikautoa mkono majini.

"Unanionea aibu, Lamjed?"

Nikamwambia ndiyo.